Mhimili Tuliouacha Nyantende

Asubuhi ile niliondoka chumbani kwangu Nyalukemba, mjini Bukavu, bila kujua ninakwenda wapi. Sikuwa nimegombana na mtu, wala hakuna aliyenifukuza. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, ziwa lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pamoja muda mrefu kuliko nilivyozoea. Mtu aliyeacha shule mapema ana ugonjwa wake: anadhani kila kitu ambacho hakufundishwa darasani kinamngoja barabarani, na kwamba akichelewa kitaondoka. Nikatia shati na sweta mfukoni, nikafunga mlango, nikapanda kilima.

Nilipita kwenye garaji ambako nilizoea kushinda. Sikuwa fundi. Nilikuwa yule mtu anayekaa juu ya tairi kuukuu na kuuliza maswali: mafuta haya yanakwenda wapi, meno haya yanashika nini, kwa nini chuma hiki kinalia na kile kinanyamaza. Mafundi walinivumilia kwa sababu nilikubali kuwashikia taa. Kwa njia hiyo nilijifunza mengi, lakini vipande vipande, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Mbele ya garaji ilisimama jipu ndogo ya kijani, ya aina ile ambayo magurudumu yake yote manne yanavuta wakati wote. Mwenyewe nilimfahamu. Alikuwa mwanaume wa makamo, dereva tangu ujana, mpole kwa kila jambo isipokuwa mawili: gari lake na mama yake. Alikuwa akifunga mizigo juu ya paa. Mama yake alikwisha kukaa mbele, kitenge juu ya magoti, mkoba kifuani, kama mtu anayeogopa kwamba akishuka kidogo tu wataondoka bila yeye.

"Unaenda wapi na huo mufuko?" dereva akaniuliza.

"Sijui bado."

"Basi unaenda Mwenga. Panda. Tukikwama kwa matope, utasukuma."

"Na tusipokwama?"

"Utakuwa kama mbunge. Kukaa tu."

Mama yake akageuza shingo. Sisi sote pale garajini tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. "Apande," akasema, "lakini asiniulize maulizo njia yote. Nilisikia habari yake."

Nikapanda. Na bila shaka nikauliza.

Koko alizaliwa Mwenga. Vita vilimtoa kule akiwa bado na nguvu, akaja mjini na watoto, akabaki. Mdogo wake, wa tumbo moja, hakutoka. Sasa huyo mdogo alikuwa mgonjwa, na binti yake alikuwa ametuma habari kwamba maneno yanampungua siku kwa siku. Simu haikufaa kitu, kwa maana masikio ya mgonjwa yalikuwa yamekwisha. Ilibidi mtu amsogelee na kumpigia kelele sikioni.

"Nataka nimukute angali anasema," Koko aliniambia. "Iko jina moja ananiitaka, la utoto. Wote waliolijua walishakufa, amebaki yeye tu. Nilisikie mara moja, kisha mimi sina neno."

Kiuno chake kiliwahi kuvunjika na kuungwa vibaya, hivyo pikipiki hakuweza kupanda. Ndiyo maana mwanawe alikuwa ametengeneza gari kwa wiki nzima. Alikuwa hata amenunua matairi mawili yenye meno marefu, ya matope, akayafunga nyuma. Yale ya zamani alimwachia muuza matairi, kama tunavyofanya, ili apunguziwe. Mbele yalibaki yaleyale yaliyolika. Hakuna aliyeshangaa. Bukavu tunaamini kwamba nyuma ndiyo inayosukuma na mbele kazi yake ni kukata kona, kwa hiyo kizuri kinakwenda nyuma. Jipu ilikuwa imeinua matako kidogo. Fundi mmoja aliizunguka akasema imependeza kama mtu aliyevaa viatu vya harusi, na sote tukakubali.

Tulitoka mjini vizuri. Penye utelezi gari lilipita kama limepakwa sabuni, na dereva akawa anapiga mluzi. Lakini kabla ya kufika Nyantende kuna mahali udongo ni mgumu na mkavu, na hapo, alipokata kona kumpisha mtu na ng'ombe wake, gari likashikwa. Lilitembea kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma.

"Umekanyaga freni?" nikauliza.

"Mimi? Freni ya nini?"

Akarudisha nyuma kidogo. Chini ya miguu yetu kitu kikapiga *tang*, na gari likaachiliwa. Mita chache mbele, kwenye kona nyingine, likashikwa tena.

Tulisimama. Nikafanya kitu nilichokuwa nimekiona kikifanywa mara nyingi: nikaweka mkono kila mahali. Vitovu vya magurudumu vilikuwa baridi, kwa hiyo haikuwa freni. Kile kiriba cha chuma cha nyuma, kati ya magurudumu mawili, kilikuwa na vuguvugu tu. Lakini lile sanduku la katikati, lililo upande wa giaboksi, ambalo linagawa nguvu kati ya mbele na nyuma, sikuweza kuliwekea mkono hata kidogo. Lilitoa harufu ya maharage yaliyoungua.

"Shida iko hapa," nikasema.

"Hapa wapi?" dereva akauliza. "Hapa ni pote."

Nyantende tulimkuta fundi chini ya bati lake, ng'ambo ya shamba la maharage. Alikuwa mtu mchangamfu sana. Alimsikiliza dereva nusu, akainama, akainuka.

"Ni kwatre-kwatre njo inasumbua," akasema. "Tosha arbre."

Arbre ni ule mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya tumbo la gari kupeleka nguvu nyuma. Kwetu, gari la kwatre-kwatre, linalovuta kwa magurudumu yote manne, likianza kulalamika, dawa ya kwanza ni kuuondoa, libaki kuvuta kwa mbele peke yake. Linakuwa jepesi, linakunywa mafuta kidogo, na kelele inakwisha. Zunguka mjini utaiona mihimili hiyo iliyostaafu: huu umeshika kamba ya nguo, ule umeegemezwa mlango wa banda la kuku. Na kwa magari mengi haina neno, kwa kuwa nguvu yake ni ya mbele na nyuma ni msaidizi tu. Hakuna kati yetu aliyeuliza kama gari hili ni moja la hayo mengi. Mimi mwenyewe, bwana wa maswali, hilo sikuliuliza.

Aliyeuliza ni Koko, kutoka dirishani. "Munatosha kitu, kisha gari inaenda muzuri kupita zamani? Basi bale batu baliitia ya nini?"

"Koko, Wajapani baliitia sababu ya theluji," fundi akamjibu akiwa chini ya gari. "Huku theluji hakuna."

"Na matope?"

"Matope iko na Mungu."

Tulicheka, hata Koko alicheka. Mhimili ukatoka, mrefu, mweusi kwa grisi. Dereva hakutaka kuongeza uzito juu ya paa, akamwachia fundi autunze. Tungeuchukua wakati wa kurudi.

Gari likaondoka bila kushikwa kona hata moja. Dereva alirudia mluzi wake. Lakini kadiri tulivyosonga, sauti ya injini ilipanda kuliko mwendo wetu, na ile harufu ya maharage ikaingia ndani na kukaa nasi. Tulipita soko la Walungu. Mvua ilikuwa imetutangulia. Mbele kidogo, mwanzo wa mpando ambao si mkali hata kidogo, injini ikapiga kelele na gari likasimama. Dereva akabadili gia: kelele, na gari limesimama. Akajaribu ya kurudi nyuma: vilevile.

Akazima, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Ambreyaji imekufa," akasema.

Ingekuwa klachi kweli, safari ingekuwa imekwisha palepale, maana kuibadilisha ni kushusha giaboksi nzima. Nilimwona akipiga hesabu ya mambo hayo. Kisha akainua kichwa, akamtazama mama yake, akasema polepole, kama mtu anayevua nguo mbele za watu, "Maman, labda tungoje lori. Ikipita, uende nayo."

Koko alikwisha kushika mkono wa mlango. "Nilisema kitu?" akajibu. "Hata juu ya magunia nitakaa."

Mara nyingi nimetamani ningekuwa nimelala usingizi wakati huo, au nimekwenda kuchuma mapera. Lakini nilikuwa palepale, na kichwa changu kilikuwa kinaniwasha. Kama klachi imekufa, kwa nini harufu inatoka katikati? Nikatandika gunia kwenye matope, nikaingia chini, nikamwomba dereva awashe na kuweka gia ya kwanza. Nikaona. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametulia kabisa, lakini pale mhimili ulipokuwa umefungwa, kile kisahani cha chuma kilichobaki wazi kilikuwa kinazunguka hewani kwa nguvu zote, kinang'aa kama sarafu.

Nilitoka chini ya gari nimejaa matope na furaha. Siwezi kuificha furaha ile hata sasa. Ilikuwa mara ya kwanza vile vipande vyote nilivyookota garajini kuungana vyenyewe na kuwa kitu kizima.

Nikawaeleza. Sanduku la katikati linagawia pande mbili, mbele na nyuma. Ukiondoa mhimili, upande wa nyuma hauna mzigo tena, na nguvu yote inakimbilia huko penye urahisi na kumwagika bure. Basi tuliwezaje kufika Walungu? Kwa sababu ndani ya sanduku kuna kopo lililofungwa, lenye mafuta mazito kama asali, kazi yake kuzishika pande hizo mbili zisiachane sana. Tangu Nyantende kopo lile peke yake lilikuwa limetubeba sisi wote na mizigo. Limechemka, limechoka, limeachia.

"Na mbele ya kufika Nyantende?" dereva akauliza. "Mbona ilianza kushika nikiwa na arbre yangu?"

Hilo nalo lilikuwa limenijia nikiwa bado chali chini ya gari. Nikafungua kamba moja ya mizigo, nikaizungusha tairi la mbele, nikaweka alama kwa ukucha, nikaizungusha tairi la nyuma. Ilipungua kwa upana wa kiganja. Matairi yale mapya yalikuwa makubwa kuliko ya mbele, na katika gari la namna hii miguu yote minne lazima ilingane. Kwa kila mzunguko mbele na nyuma vilikuwa vinabishana, na kopo lilikuwa linaviamua tangu tulipotoka nyumbani.

Dereva aliishika ile kamba muda mrefu. Alikuwa amenunua matairi yale ili mama yake asiteleze.

"Basi ambreyaji iko muzima," akasema hatimaye.

"Iko muzima."

"Tukirudisha arbre, itaenda?"

"Itaenda," nikasema.

Nilisema neno lile kama ninavyosema jina langu. Sikujiuliza joto lile lilikuwa limefanya nini kwa meno na beringi zilizolizunguka kopo. Nilikuwa nimeona sababu, nikadhani nimeona yote.

Dereva akamsimamisha kijana wa pikipiki, akamtuma Nyantende kuchukua mhimili. Kesho asubuhi ungekuwa umefika. Uso wa dereva ulirudi ulivyokuwa asubuhi. Kijana hajapotea machoni, lori likatokea, limebeba chumvi na bia za kupeleka Mwenga. Dereva wake, mtu mwenye kofia ya sufu, akatoa kichwa.

"Niko na nafasi moja hapa mbele. Juu kumejaa."

"Ni yangu," Koko akasema, akafungua mlango.

"Maman, hapana," mwanawe akamwambia. "Kesho tutaondoka. Utaenda kwa gari yako, ukikaa muzuri."

"Mi sitafuti gari. Natafuta mudogo wangu."

"Hii lori italala njiani, Maman. Na kiuno yako? Watasema mi nilikutupa katikati ya chumvi."

"Nani atasema?"

"Papa, mvua inakuja," yule wa lori akaita. "Mushauriane mbio, ao mukae na kikao chenu."

Dereva akanigeukia. "Si mudogo huyu ameona shida? Umwambie. Itaenda, ao haitaenda?"

Walinitazama wote watatu. Koko hakunitazama kwa hasira; alinitazama kama mtu anavyomtazama daktari, akingoja tu. Nikasema kwamba mhimili ukirudi, gari litakwenda.

Aliniamini. Aliuacha mkono wa mlango, akavuta tena kitenge juu ya magoti. Kisha akaniambia, "Basi uende wewe. Wewe hauna kiuno cha kuogopa. Umwambie niko nyuma yako." Akanipa mfuko wenye kitenge kipya na sukari, vya kumpa mdogo wake. Nikapanda lori, nikakaa katika nafasi ile.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva mwenyewe, baada ya miezi, mjini. Mhimili ulifika, ukafungwa, na gari likatembea. Alisema alipiga honi kwa furaha mpaka watoto wakatoka majumbani. Kwenye mpando wa pili sanduku la katikati lilivunjika ndani, mafuta yakamwagika barabarani, likawa chuma tu. Waliburutwa hadi Bukavu. Wakati anatafuta sanduku lingine, mara aambiwe lipo, mara aambiwe lilikuwepo, habari ikafika kwamba mgonjwa ameacha kusema, na nyingine baada yake kwamba amezikwa. Baadaye tena barabara ile yenyewe ikawa si ya kupita mtu mzee, kwa mambo ya vita ambayo kila mtu wa kwetu anayajua.

Koko hajawahi kunilaumu. Nikipita Nyalukemba namsalimia, ananipa chai, ananiuliza safari hii ninatoka upande gani. Mara moja tu alilitaja.

"Ile siku, kamba ulipima muzuri?"

"Nilipima muzuri, Koko."

"Ndiyo," akasema. "Niliona unapima muzuri."

Akaongeza chai.

Lakini siku ile, ndani ya lori, sikujua lolote kati ya hayo. Tulikwama, tukachimba, tukalala tumekaa. Yule mwenye kofia ya sufu alinieleza habari za springi na madaraja, nami nilimuuliza mpaka akaniomba niache apumzike. Asubuhi, kwenye kila kona, nilitoa kichwa kutazama nyuma, nikitegemea kuona rangi ya kijani. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa hata nimeandaa mzaha wa kumwambia dereva atakapotupita.

Mwenga nilikuwa sijawahi kufika. Jua lilikuwa linaelekea kuzama waliponishusha, na watu wakanionyesha nyumba bila kuuliza mimi ni nani, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba pale wanangoja mgeni wa mjini. Binti wa mgonjwa alitoka mbio akijifuta mikono. Alinipita, akasimama barabarani, akatazama huku na huku.

"Wako wapi?"

"Wako nyuma," nikasema. "Gari lilipata shida kidogo. Leo au kesho."

Mgonjwa alikuwa amelazwa karibu na mlango, penye mwanga. Alifanana na Koko, ila mdogo zaidi, kama amepungua kwa kuchakaa. Binti yake akainama akampigia kelele sikioni, akinionyesha kidole. Mama yule akaupokea mfuko, akapapasa kile kitenge, akautazama mlango juu ya bega langu.

"Kesho," binti yake akarudia kwa nguvu. "Anakuja kesho!"

"Nilijua," mgonjwa akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa kamili, hata moja halikukatika. "Yeye siku zote anachelewaka. Hata ubatizo alichelewa."

Tukacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Niliuliza mahali ambapo mpita njia anaweza kulala kwa bei ndogo. Binti akakataa katakata. Akaniingiza chumba cha pili. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka safi, chandarua kimefungwa juu, beseni na kipande kipya cha sabuni. Kando ya kitanda walikuwa wameweka sanduku la mbao lililowekewa mto juu, ili mwenye kiuno kibaya apate pa kukanyagia.

"Lala hapa leo," akaniambia. "Kesho akifika, utahamia kwa jirani."

Nikamwambia mkeka unanitosha.

"Kitanda kilale tupu ya nini?"

Alipotoka niliketi kidogo nikisikiliza sauti za nyumba nisiyoijua, yule mama akikohoa na kuuliza kitu upande wa pili, binti akimjibu kwa kelele. Kisha nikavua viatu, nikanawa miguu, nikapanda. Nililala upande wa ukutani kabisa, mgongo ukigusa udongo, nikaacha sehemu kubwa ya kitanda wazi.